Kuuliza Si Ujinga: Wazee Wamsaidieje Mtoto Aliyekwama Hesabu na Fizikia?

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi limeingia jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Mtoto hurudi shuleni na daftari lake, hukaa mkekani, hutazama mstari mmoja wa alama kwa muda wa saa nzima, wala hapana mtu nyumbani awezaye kumwambia alama zile zataka nini. Baba ni mkulima wa korosho na ufuta. Mama ni hodari wa kuuza na kununua. Babu asoma Kurani vizuri na ahesabu kodi zake kichwani. Wote wana akili timamu, na wote wampenda mtoto. Lakini daftari limeandikwa Kiingereza, na ndani ya Kiingereza kile mna lugha nyingine tena, nayo ni lugha ya hesabu. Basi mtoto hufunga daftari, hulala, na asubuhi hunakili majibu ya mwenzake upesi upesi kabla kengele haijalia.

Hayo yako Chiola, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, kama yalivyo Pangani, Lamu na Kigoma. Twaitaja Chiola makusudi. Mtoto wa Dar es Salaam akikwama, wazazi wake wakiwa na uwezo, humtafutia mwalimu wa jioni mtaa wa pili. Mtoto wa Chiola yuko mbali na bahari na mbali na vyuo vikuu. Hana ila mwalimu wake wa shule, wenzake, na watu wa nyumbani kwake. Tukijua namna ya kumsaidia huyu, tumejua namna ya kuwasaidia wote.

Wala hasara yake si ndogo. Katika matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne ya mwaka 2022, waliofaulu Hesabu nchini Tanzania walikuwa kiasi cha mtu mmoja katika kila watano. Mwaka 2023 walikuwa kiasi cha mmoja katika kila wanne. Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Mlango wa fedha, basi, umefunguliwa kwa sehemu kubwa. Mlango wa kufahamu ungali mzito, na huo haufunguliwi kwa amri ya serikali peke yake.

HESABU HII NI YA NAMNA GANI?

Kijana anayechukua Fizikia, Kemia na Hesabu katika Kidato cha Tano na cha Sita hukutana na somo linaloitwa shuleni difarensho ikwesheni. Jina hilo huwatisha wengi. Tulieleze kwa maneno ya nyumbani, tuliite mlinganyo wa mabadiliko.

Mlinganyo wa kawaida wataka namba moja iliyofichwa. Elimu hiyo yaitwa aljebra, na jina lake latokana na neno la Kiarabu, al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichokitunga Muhammad bin Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad kiasi cha mwaka 820. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi na wasia: mtu amekufa, ameacha mke, watoto na deni, kila mmoja apate ngapi? Yaani elimu ile haikushuka kutoka mawinguni. Ilitumika kupatanisha watu wa nyumba moja.

Mlinganyo wa mabadiliko wataka kitu kingine. Hauulizi, “Namba ni ipi?” Wauliza, “Jambo hili linakwendaje tangu mwanzo hata mwisho, ikiwa twajua tu kasi yake ya kubadilika?” Elimu hiyo ilianzishwa Ulaya katika karne ya 17 na Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake.

Mfano wake upo jikoni. Chai imetoka motoni, joto lake ni digrii 90. Hewa ya nyumba ni digrii 30. Kila mama ajua kwamba chai ya moto sana hupoa kwa haraka mwanzoni, kisha ikikaribia kuwa vuguvugu hupoa polepole. Newton alisema kanuni yake: kasi ya kupoa hufuata tofauti iliyopo kati ya joto la kitu na joto la hewa iliyokizunguka. Tofauti ikiwa kubwa, kasi ni kubwa. Tofauti ikipungua nusu, na kasi nayo hupungua nusu.

Sasa tuseme chai hiyo baada ya dakika 10 imefika digrii 60. Mwanzo tofauti ilikuwa 60, sasa ni 30. Yaani imekatika nusu. Basi katika dakika 10 nyingine itakatika nusu tena, iwe 15, na chai itakuwa na digrii 45. Katika dakika 10 za tatu itakuwa 7 na nusu, na chai itakuwa na digrii 37 na nusu. Mwanzoni kabisa chai yapoteza kiasi cha digrii 4 kwa dakika. Ikifika digrii 60 yapoteza kiasi cha 2 tu. Kijana wa Kidato cha Sita huyapata hayo kwa alama: huweka mambo ya joto upande mmoja na mambo ya wakati upande wa pili, kisha hujumlisha vipande vidogo vidogo vya kila upande, na kazi hiyo ya kujumlisha ndiyo waiitayo intigresheni. Mwisho hutia hali ya mwanzo, yaani zile digrii 90, ili apate jibu la chai hii na si la chai nyingine. Wanafunzi wengi hukosea hapo. Husahau ile namba ya nyongeza inayozaliwa katika kujumlisha, na jibu lao huwa halina mwanzo.

Ndugu msomaji, ukiisha kuufahamu mfano huu wa chai, umefahamu moyo wa somo lenyewe. Yaliyobaki ni mazoezi, nayo ni mengi.

KIJANA ALIYECHEKWA

Tunacho kisa cha kweli cha hapa petu, nacho chahusu kanuni hii hii ya kupoa.

Mwaka 1963 alikuwapo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, katika Tanganyika, jina lake Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza askirimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, kisha wakayaweka katika barafu ya friji. Nafasi katika friji ilikuwa ndogo, na kila mtu aliitaka. Siku moja Mpemba aliogopa kuikosa nafasi, akayaweka maziwa yake yangali moto. Mwenzake mmoja aliweka yake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yangali majimaji mazito.

Alimwuliza mwalimu wake sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alipokuwa Mkwawa, Iringa, wakasomeshwa ile kanuni ya Newton, akauliza tena. Safari hii aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile, kila akikosea hesabu, wenzake darasani walimtania kwa jina hilo hilo.

Wengi wetu tungalinyamaza. Yeye siku moja aliiona maabara ya biolojia i wazi, akachukua vyombo viwili, kimoja akatia maji ya bomba na kimoja maji ya moto, akavitia katika friji ajionee mwenyewe. Kisha akaja mgeni shuleni kutoka chuo kikuu kilichokuwapo Dar es Salaam, Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Ilipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza: vyombo viwili vyenye maji sawasawa, kimoja cha digrii 35 na kimoja cha digrii 100, vikitiwa pamoja katika friji, kwa nini kile cha digrii 100 hutangulia kuganda? Wanafunzi wakacheka.

Osborne hakucheka naye hakujifanya kujua. Alikiri kwamba sababu haijui, akaahidi kulijaribu jambo hilo atakaporudi Dar es Salaam. Akalitimiza. Mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja, mwanafunzi na mwalimu, katika jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia yote yaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Jina lililokuwa la mzaha likawa jina la heshima.

Hapana budi tuseme kweli yote. Jambo lenyewe halijamalizika. Katika zama za kale Aristotle alikwisha kutaja jambo la namna hiyo. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza waliandika kwamba wamepima kwa uangalifu wasilione katika maji. Mwaka 2020 wengine huko Canada waliliona waziwazi, lakini si katika maji ya kuganda, bali katika vijipunje vidogo mno vilivyomo majini. Wengine hutaja mvuke unaopotea, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine hewa iliyoyeyuka majini.

Lakini angalia mahali ilipokuwapo fahamu. Aliyesema “haiwezekani” alikuwa na hoja: maji ya digrii 100 hayana budi kupita katika digrii 35 kabla ya kuganda, na yakifika hapo, wenzake wamekwisha kutangulia. Ukiufuata mlinganyo wa Newton, hoja hiyo haina kasoro. Ila mlinganyo ule wahesabu kitu kimoja tu, joto. Maji yaliyochemka hata yakifika digrii 35 huenda si maji yale yale: yamepungua kwa mvuke, yamepoteza hewa, yanazunguka ndani ya chombo. Swali la kijana lilionyesha kwamba katika hesabu kuna vitu ambavyo havikutiwa. Hiyo ndiyo faida ya mwanafunzi anayeuliza. Humfaa hata mwalimu wake.

SOMO LA KARANGA

Watu wa Nachingwea wana ukumbusho mwingine wa maana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, pande za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na reli ikajengwa kutoka Mtwara kuja bara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Walioupanga hawakukosa elimu ya hesabu. Walihesabu eka, tani na fedha. Waliyokosa ni maswali ya mwanzo: mvua ya mahali hapa hunyeshaje mwaka hata mwaka? Udongo huu ukikauka huwaje? Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu hata kuwashinda matrekta. Hesabu nzuri iliyojengwa juu ya mambo yasiyoulizwa haikumfaa mtu.

MASWALI MANNE YA MZAZI

Sasa turudi mkekani. Mama hajui intigresheni, na baba hajui logi. Je, hawana msaada? Wanao, na pengine mkubwa kuliko wanavyodhani. Mtoto akisema, “Mama, nimekwama,” mama asijibu, “Mimi sikusoma, mwanangu, usiniulize hayo.” Amwambie aketi, aeleze kwa Kiswahili, kisha amwulize maswali manne.

La kwanza: “Ni kitu gani kinachobadilika hapa?” Ni joto? Ni mwendo wa gari? Ni maji yaliyomo katika pipa? Mtoto asiyeweza kulijibu hili hajaanza hesabu, hata kama amejaza ukurasa mzima.

La pili: “Kinabadilika kwa kufuata nini?” Chai hupoa kwa kufuata tofauti ya joto. Maji ya pipa lililotoboka chini hutoka kwa nguvu pipa likijaa, na hulegea likipungua. Jibu la swali hili, likiandikwa kwa alama, ndilo mlinganyo wenyewe.

La tatu: “Mwanzo kilikuwa kiasi gani?” Hili ndilo lile wanalolisahau wengi.

La nne: “Jibu ulilolipata laaminika?” Chai ikipoa hadi kuwa baridi kuliko hewa iliyoizunguka, kuna kosa. Jiwe likidondoka kutoka mkoroshoni kwa mwendo wa ndege ya abiria, kuna kosa. Hapa mzazi asiyesoma ni mwalimu kamili, kwa maana yeye ameishi na chai, maji na mawe miaka mingi kuliko mtoto.

Mara nyingi mtoto akifika swali la pili au la tatu hunyamaza kidogo, kisha husema, “Ngoja, mama, nimeona,” akalichukua daftari lake. Mama hakutatua kitu. Alimlazimisha mtoto ayapange mawazo yake kwa lugha anayoimiliki.

JUU YA LUGHA

Jambo hili la lugha lataka neno zaidi. Mtoto wa Chiola huanza na lugha ya nyumbani, Kimwera au nyingine ya majirani, kisha husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akiingia sekondari huambiwa ghafula kwamba hesabu na fizikia ni kwa Kiingereza. Mara nyingi anayeonekana mjinga wa fizikia ni mtu asiyejua swali limesema nini.

Tena Kiswahili chetu cha kila siku chaweza kumpoteza tusipokuwa waangalifu. Sisi husema “nguvu” kwa mambo mengi: nguvu ya kusukuma mkokoteni, nguvu ya chakula mwilini, nguvu ya mashine. Katika fizikia hayo ni mambo matatu mbalimbali. Ya kusukuma huitwa kani. Ya kumwezesha mtu au mashine kufanya kazi huitwa nishati. Nayo kazi inayofanyika katika kila sekunde ndiyo nguvu hasa. Kadhalika sisi husema gunia lina “uzito” wa kilo 100, na mwanafizikia husema hizo kilo ni tungamo. Uzito ni kani ya dunia inayolivuta gunia chini. Mtoto na atenge kurasa za nyuma za daftari lake, aandike neno la Kiingereza, neno la Kiswahili, na mfano mmoja wa nyumbani. Daftari la namna hiyo likiandikwa kwa mwaka mzima hufaa kuliko vitabu vingi vya majibu.

ADABU ZA KUULIZA NA ZA KUJIBU

Mzazi akifika mwisho wa uwezo wake, amwelekeze mtoto kwa ajuaye. Mwalimu wa shule ndiye wa kwanza, na mzazi asione haya kwenda mwenyewe kumwamkia na kumwomba. Wapo pia vijana wa ukoo walioko vyuoni, ambao hurudi nyumbani wakati wa likizo. Katika nchi ya kusini mjomba ana haki kubwa juu ya mtoto wa dada yake; basi mjomba aliyesoma haki hiyo ailipe kwa jioni mbili za kumsomesha. Na wanafunzi wenyewe wakikaa watatu au wanne, kila mmoja akaeleza hesabu moja mbele ya wenzake, hugundua wepesi mahali wasipofahamu.

Anayeuliza ana adabu zake. Aje na swali lote, si kipande. Aonyeshe alichojaribu na mahali hasa alipokwama, maana kusema “sielewi chochote” humchosha mwenye kusaidia. Akiisha kusaidiwa, afunge daftari aifanye upya hesabu ile peke yake, kisha afanye nyingine inayofanana nayo. Asipoweza, hajasaidiwa bado.

Anayejibu naye ana adabu zake. Asicheke. Tumeona kicheko cha darasa moja kilivyokaribia kulizima swali lililokuja kujulikana ulimwenguni. Asimfanyie mtoto kazi yote kwa kuonyesha ubingwa wake. Ampe hatua moja, amwachie ya pili. Na asipojua aseme hajui, kama alivyosema Osborne mbele ya wanafunzi wote, wala cheo chake hakikupungua.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya simu. Leo kijana aweza kulipiga picha swali lake akaletewa jibu kamili kwa dakika moja, hatua zote zimepangwa. Chombo hicho si kibaya. Mtoto aliye mbali na walimu aweza kukitumia kama mtu wa kumweleza tena na tena bila kuchoka. Lakini mara nyingine hutoa jibu la uwongo kwa maneno ya ufasaha, na asiyejua kulipima atalibeba hivyo hivyo. Tena katika chumba cha mtihani simu haiingii. Aliyenakili kwa miezi 20 ataingia mle mikono mitupu, na aibu itakuwa yake, si ya simu. Basi mzazi amwulize mtoto yale maswali manne hata baada ya simu kujibu. Akiweza kuyaeleza kwa maneno yake, jibu limekuwa lake.

Mwisho, tungependa kila nyumba iweke saa moja ya usiku, baada ya chakula, taa iwe ya watoto na daftari zao. Redio izimwe, watoto wasitumwe dukani, na mtu mzima mmoja akae karibu nao, hata kama anachambua choroko tu. Kwa mtoto wa Kidato cha Sita, ambaye mtihani wake huja mwezi Mei, na kwa wa Kidato cha Nne, ambaye wake huja Novemba wakati korosho zinaokotwa, saa hiyo isiondolewe kwa sababu ya shamba. Korosho zitaokotwa asubuhi. Na siku mtoto atakaporudi akasema ameuliza swali darasani wenzake wakamcheka, asigombezwe wala asiambiwe anyamaze. Aketishwe, alirudie swali lake polepole, na nyumba nzima imsikilize.